Ongeza Pumba, Mama Lucia

Wodi ya Kifua,
Sumbawanga.
9 Juni 1996

Mama Lucia,

Tumsifu Yesu Kristu. Nimefika na niko hai. Kitanda nimepewa cha dirishani, kwa hiyo baridi yote ya huku inaanzia kwangu ndipo iwafikie wengine. Enoka wa lori akikukabidhi barua hii mikono mitupu usimnunie, mimi ndiye sina cha kutuma.

Sindano nachomwa kila asubuhi, hata Jumapili, kwa miezi miwili. Baada ya hapo ni vidonge mpaka mwisho wa Januari. Jumla miezi minane. Sista Specioza, mkubwa wa wodi, alinitambua kabla sijataja jina. "Si wewe uliyetoroka mwaka jana ukavune mpunga?" akasema mbele ya wagonjwa wote. Halafu akaniita pembeni akaniambia bila kugomba kwamba safari hii nikitoroka nisihangaike kurudi, maana dawa ya tatu hawana. Ugonjwa huu ukiukimbia mara mbili hausikii tena dawa. Basi nimekaa, mke wangu. Nimekaa kama gunia la chumvi.

Sasa nisikilize habari za bwawa. Perege wetu wana miezi mitatu. Unakumbuka tulivyowabeba kwenye madumu, mia nne, mimi nasukuma baiskeli nakohoa, wewe unashika dumu lisimwagike. Watu walicheka: Ziwa Rukwa liko pale, mtu anachimba shimo! Nataka niwaone watakaocheka Krismasi. Mwenzio nikilala hapa nawaza hao samaki tu, ndio wanaonifanya nimeze hivi vidonge vikubwa kama harage.

Huu ni msimu wa kukoboa. Pale mashineni pumba ya mpunga wanaimwaga nje, ukienda na debe unachota bure. Wape asubuhi na jioni. Angalia midomo yao. Ukifika alfajiri ukawakuta wamejaa juu wamefungua midomo, hiyo ni njaa. Mtoto akifungua mdomo humwambii ngoja. Ongeza.

Na samadi ya yule mfugaji Machibya, ya kutia bwawani, sitaki kuisikia. Ng'ombe wake wametafuna mpunga wetu na neno pole hakulisema. Tuna pumba yetu, inatutosha.

Mumeo,
Telesphor


Kibaoni
30 Juni 1996

Baba Lucia,

Milele, amina. Tumefurahi kujua umefika. Lucia hajambo, anauliza kila siku kama baba ameshachomwa sindano zote.

Nimechoka. Nakuambia mapema ili kesho usije ukasema sikusema. Mpunga nimeuvuna robo tatu, robo imechukuliwa na ndege na panya. Asubuhi naanzia bwawani, natoka hapo naenda shambani, jioni mashineni, narudi bwawani na debe kichwani. Pumba inaniwasha shingo mpaka kanisani najikuna, watu wanafikiri nina upele.

Samaki nawalisha ulivyosema. Wakija juu na midomo wazi, naongeza. Lakini Baba Lucia, hawa watu hawashibi. Kila asubuhi wapo juu, wanapapasa maji kwa midomo, na pumba ya jana bado inaelea pembeni. Maji yameanza kunuka kama pombe iliyolala.

Nyanzala, mke wa Machibya, alipita akasimama ukingoni. Akasema, "Mayu," yaani mama kwa lugha yao, "mbona unawashindilia hivi?" Anasema kwenye lambo lao ng'ombe wanapokunywa, samaki hawalishwi na mtu na wananenepa tu. Nikanyamaza, kwa heshima ya mpunga wako ulioliwa.

Niambie nifanye nini. Niongeze au nipunguze?

Mkeo,
Marsela


Sumbawanga
14 Julai 1996

Mama Lucia,

Ongeza! Unaniuliza swali gani tena? Samaki wa miezi minne anakula kama kijana wa kidato cha nne. Kama makopo mawili hayatoshi, weka debe. Pumba ni bure, mama, tunabania nini? Huyo Nyanzala mwambie ashike fimbo yake achunge ng'ombe, mambo ya maji atuachie sisi tuliozaliwa karibu na ziwa.

Hapa nimepata jirani, mzee Alois. Alikuwa mtunzaji wa mabwawa ya mapadre miaka mingi. Kifua chake kimeharibika sana, akisema maneno matano anapumzika. Nimemweleza habari za bwawa letu akafurahi. Akipata nguvu nitamwuliza mambo mengi.

Mimi nimeongezeka kilo moja. Matako yananiuma kwa sindano, siketi vizuri, hata barua hii naiandika nimelala kifudifudi. Ongeza pumba.

Telesphor


Kibaoni
29 Julai 1996

Kwa Sista Specioza,

Samahani nakuandikia na hatujuani. Mimi ni mke wa Telesphor, yule wa kitanda cha dirishani. Barua hii nimemwomba Enoka akupe mkononi, mume wangu asiione.

Jumatano iliyopita nilikwenda bwawani na debe la pumba. Sikuona midomo juu ya maji. Nikafurahi, nikasema Mungu asante, leo wameshiba. Nilipofika ukingoni nikawaona. Walikuwa wamelala ubavu, weupe, bwawa zima. Nilitua debe nikakaa juu yake, sijui kwa muda gani. Watu wakaja na ndoo, waliokuwa bado wazuri wakala. Waliobaki nimewazika shambani kwa jembe, siku tatu. Katika mia nne wamepona kumi na mmoja, wale waliojibana pale maji ya mfereji yanapoingilia.

Barua yake ya kusema niongeze nimeifunga kwenye pindo la kanga mpaka leo. Sijui kwa nini siitupi.

Sista, huyu mtu nikimwambia atapanda lori siku hiyo hiyo. Namjua vizuri. Mwaka jana aliacha dawa kwa sababu ya mpunga unaopukutika, hawezi kuacha bwawa alilochimba mwenyewe kiangazi kizima. Na wewe ulimwambia hakuna dawa ya tatu. Mimi nimekusikia kuliko yeye.

Kwa hiyo nitamwandikia kwamba samaki wazima. Ukimwona anafurahi, tafadhali mwache afurahi. Kama ni dhambi, nitaungama mimi.

Marsela, Mama Lucia


Sumbawanga
4 Agosti 1996

Mama Lucia,

ACHA PUMBA! Barua hii ikikukuta unalisha, mwaga debe chini. Usiwape hata konzi moja.

Leo mzee Alois amepata nafuu, nikamsomea barua yako ile ya midomo. Akacheka mpaka nikaogopa. Akasema, "Kijana, hao hawana njaa, wanakosa hewa. Pumba isiyoliwa inaoza chini, na uozo unamaliza hewa ya maji. Kukipambazuka imebaki kidogo, ndiyo wanakuja juu kuitafuta. Wanafungua mdomo kama mimi na wewe humu wodini."

Marsela, nimekaa nimejiona mjinga. Mimi ambaye nikienda chooni narudi nimeshika ukuta nahema, nimekuambia uwashindilie chakula viumbe wanaotafuta pumzi. Ningekuwa bwawani ningejua. Hapana, nisijidanganye, nisingejua.

Fanya hivi. Fungua mfereji maji mapya yaingie. Wasilishwe chochote wiki moja. Halafu mzee anasema chakula rahisi kuliko vyote ni maji yenyewe yakiwa ya kijani, na kijani kinaletwa na samadi. Nimemeza mate niliposikia. Haya, nenda kwa Machibya. Usiseme mimi nimekutuma.

Nijibu haraka. Niambie wako hai. Hapa silali wala sili mpaka nijue.

Telesphor


Sumbawanga
10 Agosti 1996

Mama Lucia,

Barua yako nimeisoma nikaichana. Mimi si mtu wa uongo, lakini hakuna aliyeniuliza habari za samaki. Mumeo anameza dawa mbele yangu kila siku. Uzito umepanda kilo tatu. Wiki hii hali chakula vizuri, anasubiri majibu yako, kwa hiyo andika upesi hicho unachotaka kuandika. Ila ujue njia ya mwongo ni fupi, na mumeo si mjinga.

Specioza


Kibaoni
25 Agosti 1996

Baba Lucia,

Barua yako ilifika kwa wakati. Nilikuwa nimeshaanza kupunguza mwenyewe baada ya kusikia harufu. Walihangaika siku mbili hivi, nikafungua mfereji, sasa wazima. Kula chakula chako.

Samadi nimepata. Kwa Machibya sikusema uongo, nimemwambia umenituma wewe. Alichora chini na fimbo, halafu akasema, "Mwambie pole ya ule mpunga. Nilikuwa naona aibu kuja." Miezi yote hiyo mlikuwa mnaoneana aibu, mimi ndiye napishana na mkewe kisimani bila salamu. Wanaume nyie!

Samadi naiweka ndani ya gunia, nimelitoboa, nimelifunga kwenye kigingi pembeni. Haitawanyiki hovyo. Nyanzala amenifundisha kupima: nazamisha mkono, kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, kijani kinatosha, natoa gunia. Kiganja nikikiona mpaka kiwikoni, narudisha. Pumba sasa ni kiganja kimoja tu kwa siku, naiweka ndani ya fremu ya mabua isitawanyike, na isipoisha kesho siweki. Machicha ya pombe napata kwa Mama Helena akikamua. Majani ya mihogo nayaanika kwanza, nayakatakata. Mchwa nabomoa kichuguu kile cha nyuma ya choo, napukuta juu ya maji, wanaruka kuwagombea. Vyote hivi vilikuwa hapa hapa, wala sikuwa na haja ya kuwashwa shingo.

Hao samaki wanaendelea. Wewe meza dawa.

Marsela


Sumbawanga
20 Oktoba 1996

Mama Lucia,

Mimi mzima. Sikohoi tena, nakuambia kweli. Natembea mpaka sokoni na kurudi. Sindano ziliisha siku nyingi, vimebaki vidonge tu, na vidonge mtu anaweza kuvifunga kwenye karatasi akamezea popote. Nimemwambia Sista hivyo. Amenitazama akaondoka.

Mzee Alois ameenda kwao. Kitanda chake kimechukuliwa na mtu wa Laela anayekoroma.

Sasa nina neno. Nimesoma barua zako tatu tangu Agosti. Unaniambia rangi ya maji, unaniambia gunia, mchwa, machicha, majani ya mihogo. Huniambii samaki. Ni wakubwa kama nini, kama kiganja? Kama kisigino? Mzee aliniambia perege wakifika miezi sita ukingoni kunajaa vifaranga mpaka mtu unachoka kuwaona. Hujawataja hata mara moja. Nakujua, ungewataja. Lucia angekuwa anawachota na kikombe na wewe ungemlalamikia kwangu.

Labda umesahau, una kazi nyingi. Mimi nataka Krismasi nishike wavu kwa mkono wangu, kila nyumba ya jumuiya yetu ipate samaki wawili. Nimelilia hilo tangu mwezi wa sita. Nitaongea na Enoka.

Telesphor


Sumbawanga
17 Novemba 1996

Mama Lucia,

Nakuandikia haraka, nina zamu.

Mzee Alois hakwenda kwao. Alifariki tarehe 2 Oktoba, akitafuta pumzi, na mumeo ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Amekuficha kama wewe unavyomficha. Tangu siku hiyo haonekani kutulia. Kila lori la Kibaoni likija anakwenda kuongea na dereva. Ijumaa nilimkuta amefunga mzigo wake chini ya kitanda, nikaufungua.

Anaona amepona kwa sababu kikohozi kimekwisha. Wadudu bado wamo. Dawa za safari hii hatumpi mtu abebe, anameza hapa tukimwona. Akiondoka sasa, mpunga ujao hatauona.

Nadhani tulikosea wote wawili. Tulimwachia samaki awapende, na sasa ndio wanaomvuta. Mwambie ukweli. Akijua bwawa ni tupu hatakuwa na cha kukimbilia.

Specioza


Kibaoni
26 Novemba 1996

Mume wangu,

Kaa chini kwanza.

Samaki walikufa. Walikufa Julai tarehe 24, kabla barua yako ya kusema acha haijafika. Walipona kumi na mmoja, baadaye ndege mdiria akachukua mmoja, wakabaki kumi. Kila nilichokuandikia kuhusu samadi na mchwa ni kweli, nilikuwa nafanya, ila nilikuwa nawafanyia hao kumi. Watu walinipita na kusema Marsela amechanganyikiwa, anapika karamu ya wageni kumi ndani ya ukumbi wa mia nne.

Ulisema ongeza, nikaongeza. Nilikuuliza, niongeze au nipunguze, ukanicheka. Nimekulaumu, Telesphor. Siku tatu nzima nilikulaumu kwa sauti, nikiwazika, Lucia akafikiri namsema yeye. Halafu ikafika barua yako ya kuacha, na maneno yako ya kujiona mjinga, lawama ikaniishia nikabaki na uchovu tu.

Nilikudanganya ili ukae. Ningekudanganya tena. Najua mzee Alois amefariki, pole sana. Hukuniambia na sikukasiriki, sote tumekuwa tunafichana vifo.

Mvua za kwanza zimenyesha. Juzi nimeona vifaranga ukingoni, wachache, pale kwenye majani. Sijui kama utaniamini. Hata usiponiamini, hawa hawahitaji kuvuliwa Krismasi, watakungoja. Hakuna cha kuja kufanya hapa. Imebaki miezi miwili. Kaa, nakuomba.

Marsela


Kibaoni
9 Desemba 1996

Baba Lucia,

Naomba Mungu barua hii ikukute wodini. Kama imekukuta kwingine kokote, usiisome, itupe.

Nasikia barua yangu ya Novemba mlipishana nayo njiani, ndiyo maana ulikuja mikono imejaa furaha. Jumamosi saa sita ulisimama mlangoni na kofia mpya, mimi natwanga kisamvu. Umenenepa. Sijawahi kukuona na mashavu tangu Lucia azaliwe. Mtoto alikukimbilia, nikamshika gauni kwa nyuma nikamvuta. Huu mkono wangu uliomvuta, mpaka leo nauangalia.

Uliomba maji nikakupa. Uliomba chakula, nikasema nitakufungia kwenye kapu, utakula njiani. Hapa kwetu hata mtu aliyekuibia, akifika mlangoni anakalishwa kwanza. Mama zetu walinifunda hivyo na wewe unajua. Ulifikiri nakutania, ukacheka, ukapita kwenda bwawani. Ukasimama ukingoni muda mrefu. Ukauliza, "Wako wapi?" Nikakuambia yote, pale pale, nimesimama. Ukakaa kwenye tope na suruali yako safi.

Halafu ukainuka ukasema yale uliyosema. Kwamba nimekuulia samaki, na sasa nakufukuza kwa kuwa nina mwanaume. Uliyasema mbele ya Nyanzala na mumewe. Machibya alitazama chini, mzee wa watu.

Sikukujibu kwa sababu lori la Enoka lilikuwa linapakia mpunga, linaondoka saa kumi. Ningeanza kukujibu tungefika jioni. Ulipoketi kwenye kiti chako ukasema huondoki, nikakuambia ukilala hapa leo, kesho naondoka na Lucia, nakuachia nyumba ufie ndani peke yako. Sikuwa nakutishia. Nilikuwa nimeshafunga nguo za mtoto tangu Sista aliponiandikia.

Machibya ndiye aliyekwenda kumwomba Enoka asubiri. Ulipanda nyuma, juu ya magunia, hukugeuka. Kapu nilimpa Enoka mkononi.

Mashineni sasa wananiita mke wa jiwe. Mama Helena hanipi tena machicha, anasema mwanamke aliyemnyima mumewe ugali hawezi kupewa kitu. Mama yako hajaja tangu siku hiyo. Lucia ananiuliza baba alikosa nini.

Nikuambie neno moja, halafu sitalirudia. Nilipokuona pale mlangoni nilikupenda kuliko siku tuliyofunga ndoa. Nilitaka kutandika mkeka, nikupikie, nikushike hayo mashavu. Kama ningekukalisha dakika moja usingeondoka, na mimi nisingekuwa na nguvu ya kukuondoa. Sikuombi msamaha. Nakuomba uniambie tu kama umefika.

Mkeo,
Marsela


Sumbawanga
29 Desemba 1996

Mama Lucia,

Nimefika.

Nilifika Jumapili saa nne, Sista Specioza akiwa anagawa dawa. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akachukua kikombe cha maji, akaweka vidonge vyangu kiganjani, akasimama mpaka nikameza. Ndipo akasema siku nilizokosa ataziongeza mwishoni. Kisha akaenda chumba cha dawa, akakaa humo muda, akatoka macho mekundu.

Barua yako ya tarehe 26 nimeikuta juu ya mto. Nimeisoma mara nyingi. Unasema ulinilaumu siku tatu. Ningekuwa mimi ningelaumu mwaka, tena kwa matarumbeta. Uliniuliza vizuri, niongeze au nipunguze, na mimi nikakucheka. Hilo nimelibeba, usinisaidie.

Lile neno la mwanaume nimelirudisha. Lilinitoka kwa sababu nilikuwa nimeona aibu, na aibu yangu ina mdomo mchafu. Mwambie Machibya nimelirudisha mbele yake pia, na mkewe, na kwamba akinipa tena samadi nitakuja kuibeba mwenyewe.

Kapu lako sikulifungua. Niliapa sitakula chakula cha mwanamke aliyenifukuza. Mpaka Namanyere nilikuwa bado naapa. Pale Enoka alisimama kuweka maji kwenye injini, njaa ikanizidi, nikafungua. Kisamvu ulikitia karanga, na viazi uliweka vile vidogo ninavyopenda. Nilikula vyote nikilia kama mtoto, na Enoka, Mungu ambariki, akachelewa makusudi chini ya boneti mpaka nikanyamaza.

Lakini usifikiri yamekwisha. Ulimshika mtoto nisimguse. Ulinizuia kwenye nyumba niliyoezeka mimi. Sista anasema ulinipa uhai, kila mtu hapa wodini anasema ulinipa uhai, na mimi nikisikia hivyo hasira inapanda upya, maana najua ni kweli. Sijakusamehe, Marsela. Nimejaribu Noeli kanisani, nimeshindwa.

Enoka anasema hii ndiyo safari yake ya mwisho, barabara imeshaanza kukatika. Dawa nitamaliza mapema Februari, Sista ameniahidi kazi ya kufyeka nyasi mpaka njia ifunguke. Mwambie Lucia baba hakukosa kitu. Mama yangu nimemwandikia, atakuja, mkalishe.

Kwa hiyo ningoje. Mvua zikikatika nitakuja kukukasirikia nyumbani, taratibu, miaka mingi.

Mumeo,
Telesphor